Ijue Faili Kwanza, Kompyuta Baadaye: Namna ya Kuchagua Vifaa vya Studio Ndogo ya Uhariri wa Video

Swali ambalo kila anayetaka kufungua studio ndogo ya kuhariri video huanza nalo ni hili: "Ninunue kompyuta gani?" Majibu huja kwa wingi, na karibu yote huwa ni jina la kompyuta au idadi ya gigabaiti. Mmoja humwambia achukue yenye RAM ya gigabaiti 64, mwingine husisitiza kadi kubwa ya michoro, wa tatu huapa kwamba bila kompyuta ya Apple hakuna uhariri. Wote watatu wanaweza kuwa wamesema kweli, na wote watatu wanaweza kumpoteza mwulizaji, kwa sababu hakuna aliyemwuliza jambo la msingi: faili utakazohariri ni za aina gani, zimetoka kwenye kamera gani, na kazi ikikamilika itatazamwa wapi?

Ninaandika makala haya kwa ajili ya mwulizaji huyo. Vifaa vya studio huchaguliwa kwa kuifuata faili katika safari yake, kuanzia inapotoka kwenye kadi ya kamera, inapohifadhiwa, inapofunguliwa, inapotazamwa na kusikilizwa, hadi inapotunzwa baada ya mteja kuchukua kazi yake. Safari hiyo ina vituo kadhaa, na kituo kinachokwenda polepole kuliko vyote ndicho kinachoamua mwendo wa studio nzima. Ukimwaga fedha zako kwenye kituo ambacho tayari kina kasi, hutaona mabadiliko yoyote.

Vitu na kazi zake

Kuhariri ni kukata na kuunga, kwa hiyo tumchukue fundi cherehani awe mfano wetu. Prosesa ni fundi mwenyewe, anayepima na kuamua. RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ni meza yake ya kukatia. Ikiwa ndogo, atalazimika kila mara kukunja kitambaa kimoja na kukirudisha kabatini ndipo atandaze kingine. Diski, yaani hifadhi, ni hilo kabati, na kebo ni mlango wake. Kadi ya michoro ni kundi kubwa la wasaidizi ambao kila mmoja anajua kazi moja nyepesi, lakini wote huifanya kwa wakati mmoja, na ndiyo maana inafaa sana kwa kazi kama kurekebisha rangi, ambako hesabu ileile hurudiwa kwa kila nukta ya picha. Nukta hizo huitwa pikseli.

Limebaki neno moja linalowasumbua wengi, nalo ni kodeki. Kodeki ni namna video ilivyokunjwa na kubanwa ili ienee kwenye faili ndogo. Watu huichanganya na herufi za mwisho za jina la faili, kama MP4 au MOV, lakini hizo ni jina la mkoba tu. Mikoba miwili inayofanana kwa nje inaweza kubeba vitambaa vilivyokunjwa kwa namna tofauti kabisa, na ugumu wa kuvikunjua ukawa tofauti vilevile. Anayesema kwamba kompyuta yake inafungua MP4 bila shida bado hajasema chochote kuhusu kilichomo ndani.

Kwa nini faili ndogo inaweza kuwa nzito

Picha moja ya video ya 4K ina pikseli 3840 kwa upana na 2160 kwa kimo, yaani jumla ya pikseli 8,294,400, ambazo ni mara nne ya zile za Full HD, kiwango kilichozoeleka kilicho chini yake. Kila pikseli ikiandikwa rangi zake tatu bila kubanwa, picha hiyo moja huhitaji karibu megabaiti 25. Video ikiwa na picha 25 kwa sekunde, sekunde moja tu ingehitaji megabaiti zaidi ya 600, na kadi za kawaida za kamera haziwezi kupokea kiasi hicho. Kwa hiyo kamera hubana, tena hubana sana, na nyingi huandika 4K kwa megabiti 100 hivi kwa sekunde.

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu biti na baiti zimewagharimu watu fedha. Baiti moja ina biti nane. Kasi ya kamera, kebo na mtandao huandikwa kwa megabiti, ilhali ukubwa wa faili na kasi ya diski huandikwa kwa megabaiti. Megabiti 100 kwa sekunde ni megabaiti 12.5 tu kwa sekunde, au gigabaiti 45 kwa saa. Linganisha 12.5 na ile 600 ya mwanzo, nawe utaona kwamba kamera imepunguza mzigo karibu mara 50.

Imewezaje? Kamera nyingi hutumia kodeki za H.264, iliyotoka mwaka 2003, au H.265, iliyofuata mwaka 2013, ambazo kwa kawaida haziandiki kila picha kwa ukamilifu. Fikiria mtu anayekusimulia albamu ya picha kwa simu. Picha ya kwanza anaieleza yote: nani amesimama wapi, amevaa nini, nyuma yake kuna nini. Kuanzia ya pili anasema tu, "kama iliyotangulia, ila mtoto amegeuza kichwa." Masimulizi yanakuwa mafupi sana, lakini ukimwambia aruke moja kwa moja hadi picha ya kumi na tatu, hutaielewa mpaka akurudishe kwenye ile ya kwanza na kukupitisha zote za katikati. Mtazamaji wa kawaida hasumbuki, kwa kuwa yeye hutazama kuanzia mwanzo hadi mwisho. Anayeumia ni mhariri, kwa sababu kazi yake ni kuruka: mbele sekunde tatu, nyuma picha moja, kisha kwenye kamera ya pili. Kila mruko unailazimisha kompyuta kukunjua picha nyingi ili ikuonyeshe moja.

Ndiyo maana faili ndogo huweza kuichosha kompyuta kuliko faili kubwa, jambo ambalo wengi hulikataa wanapolisikia kwa mara ya kwanza. Kodeki zilizotengenezwa kwa ajili ya uhariri, kama ProRes iliyoletwa na Apple mwaka 2007 au DNxHR ya Avid, huandika kila picha ikijitegemea. Saa moja ya 4K kwa ProRes 422, kwa picha 25 kwa sekunde, hufikia takriban gigabaiti 220, karibu mara tano ya ile ya kamera, lakini prosesa huifungua bila kuhema. Mzigo umehama kutoka kwa fundi, ukaenda kabatini na mlangoni.

Nilijifunza hili kwa gharama. Kompyuta yangu ya wakati huo ilikuwa na RAM ya gigabaiti 16, na nilipopanga kamera mbili za H.265 kwenye taimulaini, yaani mstari wa programu ambako vipande hupangwa kwa mfuatano, picha ilianza kusita: sauti inaendelea, uso wa msemaji umeganda, kisha picha inaruka kuufuata mdomo uliokwisha kusema. Nikashauriwa niongeze RAM, nikaongeza hadi 64. Nikafungua mradi uleule, nikabonyeza kitufe cha kucheza, na uso ukaganda palepale. Jioni hiyo ndipo nilipofungua kwa mara ya kwanza dirisha linaloonyesha matumizi ya kila sehemu ya kompyuta wakati video inacheza. RAM iliyotumika haikufika gigabaiti 14. Diski ilikuwa karibu imelala. Prosesa ilikuwa imegonga asilimia 100 na haikushuka. Nilikuwa nimemnunulia fundi meza kubwa, ilhali kilichomshinda kilikuwa kufungua mafundo.

Dirisha hilo lipo kwenye kila kompyuta, huitwa Task Manager kwenye Windows na Activity Monitor kwenye Mac, na ningependa kila mhariri alitazame kabla ya kutoa hata senti moja. Ikiwa prosesa imejaa na sehemu nyingine zimepumzika, tatizo ni kukunjua. Ikiwa diski ndiyo iliyojaa, tatizo ni kabati. Ikiwa RAM imejaa na diski inahangaika kuisaidia, basi na iongezwe, tena bila kusita.

Tatizo la kukunjua lina dawa mbili. Ya kwanza ni kifaa. Ndani ya prosesa nyingi na kadi nyingi za michoro kuna sehemu maalumu iliyotengenezwa kwa ajili ya kukunjua kodeki fulani tu. Intel huiita Quick Sync na imekuwapo tangu mwaka 2011, na chipu za Apple za mfululizo wa M nazo zina ya kwao. Sehemu hiyo ikiitambua faili yako, hata kompyuta ya wastani huicheza kwa ulaini. Isipoitambua, kazi yote hurudi kwa fundi. Na hapa upo mtego ambao mnunuzi hataujua kwa kusoma maandishi ya boksi. Kamera nyingi za sasa zina chaguo la kurekodi rangi kwa biti 10 na mpangilio wa 4:2:2, ambao huhifadhi taarifa nyingi zaidi za rangi kuliko ule uliozoeleka wa 4:2:0. Ni chaguo zuri kwa anayetaka kufanyia rangi kazi ya kina. Lakini kadi za michoro za Nvidia hazikuwa na sehemu ya kukunjua 4:2:2 hadi kilipokuja kizazi cha RTX 50 mwaka 2025, wakati prosesa za Intel zenye Quick Sync zilikuwa nayo kwa H.265 tangu kizazi cha 11. Mtu anaweza kununua kadi ya bei kubwa ya kizazi kilichotangulia, akaiunganisha na prosesa isiyo na sehemu hiyo, na akashindwa kucheza faili ambazo kompyuta mpakato nyembamba inazicheza bila kupepesa. Kwa hiyo, kabla ya kununua, tafuta jina kamili la mpangilio ambao kamera yako hurekodi, kisha uulize kama kifaa hicho kinaukunjua, kwa jina hilohilo.

Dawa ya pili ni proksi, nayo haihitaji kompyuta mpya. Proksi ni nakala nyepesi ya faili halisi, yenye pikseli chache na kodeki rahisi, ambayo programu huitumia wakati unakata na kuunga. Ukifika wakati wa kutoa kazi ya mwisho, yaani kuigeuza kuwa faili iliyo tayari kutazamwa, programu huirudisha faili halisi mahali pake. Proksi ya ProRes kwa Full HD huchukua gigabaiti 17 hivi kwa saa. Wapo wanaoamini kwamba proksi hushusha ubora wa kazi, na imani hiyo si kweli, mradi faili halisi zipo na programu imeelekezwa kuzitumia wakati wa kutoa. Wapo pia wanaoziona proksi kuwa dalili ya unyonge wa vifaa. Nao wamekosea: filamu kubwa za sinema zimekuwa zikihaririwa kwa nakala nyepesi kwa miaka mingi, na walio nyuma yake hawakukosa fedha za kununua kompyuta.

Jambo moja la programu lisisahauliwe. Chagua programu kabla ya mashine, kwa maana kila programu hutegemea viungo tofauti. DaVinci Resolve huibebesha kadi ya michoro kazi nyingi. Final Cut Pro, kwa upande wa kompyuta, hufanya kazi kwenye Mac pekee. After Effects huhifadhi picha zake za majaribio kwenye RAM, na kwa hiyo mtengenezaji wa michoro inayotembea atanufaika na gigabaiti 64 ambazo mimi hazikunisaidia. Kwa mhariri wa kawaida wa 4K, gigabaiti 32 ni kiwango cha kufanya kazi kwa utulivu, na 16 ni kwa anayeanza na Full HD au proksi.

Kabati na mlango wake

Diski za kuzunguka, zile zenye sahani ndani, husoma takriban megabaiti 150 hadi 250 kwa sekunde. Diski za SSD, zisizo na kitu kinachozunguka ndani, zinazotumia njia ya SATA hufikia karibu megabaiti 550, na zile za NVMe huanzia maelfu. Tukirudi kwenye hesabu yetu, ProRes 422 ya 4K huhitaji megabaiti zaidi ya 60 kwa sekunde kwa kila kamera, kwa hiyo diski ya kuzunguka itahimili kamera moja, pengine mbili, na ya tatu itaishinda, hasa kwa kuwa kichwa chake cha kusomea hulazimika kuhama huku na kule. Faili za H.264 haziihitaji kasi hiyo hata kidogo. Ninachopendekeza kwa studio ndogo ni SSD kwa kazi zinazoendelea, na diski kubwa za kuzunguka kwa kazi zilizokwisha, kwa sababu gigabaiti zake ni nafuu zaidi na kazi iliyokwisha haina haraka.

Kisha kuna kebo, na hapa umbo hudanganya. USB-C ni umbo la kichwa cha kebo, si kasi. Ndani ya kebo yenye kichwa hicho kunaweza kuwa na njia ya megabiti 480 kwa sekunde, ambayo ni kasi ya USB 2.0, au gigabiti 10, au 40 za Thunderbolt 3 na 4, na kwa macho zote zinafanana. Kebo nyingi zinazokuja na simu kwa ajili ya kuchaji ni za lile kundi la kwanza. Niliwahi kuketi na mhariri kijana aliyekuwa na hakika kwamba SSD yake mpya ya nje ni bandia. Alikuwa akihamisha gigabaiti 200, na kompyuta ilimwandikia kwamba imebaki zaidi ya saa nzima. Tulichomoa kebo nyeupe aliyokuwa akiitumia, ambayo ilikuwa ya chaja, tukachukua ile fupi nyeusi iliyokuwa bado imefungwa kwa uzi ndani ya boksi la diski, na kazi nzima ikamalizika kwa dakika chache. Diski ilikuwa nzima tangu mwanzo. Weka alama kwenye kebo zako siku unayozinunua.

Iwapo wahariri wawili watafanya kazi kwenye hifadhi moja kwa njia ya mtandao wa ndani, wajue kwamba mtandao wa gigabiti 1 hauwezi kuvuka megabaiti 125 kwa sekunde kwa wote wawili, nao huo ndio mlango wao, hata kabati likiwa na kasi ya ajabu.

Jambo linalonigusa zaidi katika makala haya yote ni nakala za akiba, na ninawaomba wasomaji wasilipite haraka. Kompyuta ikifa hununuliwa nyingine. Picha za mtu aliyezungumza kwa mara ya mwisho mbele ya kamera yako haziwezi kupigwa tena. Utaratibu unaofahamika sana ni wa tatu, mbili, moja: nakala tatu za kila faili, kwenye hifadhi za aina mbili tofauti, na moja kati ya hizo ikae nje ya jengo la studio. Watu wengi hudhani kwamba RAID, yaani diski kadhaa zilizounganishwa zikafanya kazi kama moja, inatosha kuwa akiba. Haitoshi. RAID yenye ulinzi hukukinga dhidi ya diski moja kufa, lakini ukifuta folda kwa bahati mbaya, imefutika kwenye diski zote kwa sekunde ileile, na mwizi au moto ukifika, huchukua sanduku zima. Na zile zilizopangwa kwa ajili ya kasi pekee, zinazoitwa RAID 0, ni hatari zaidi kuliko diski moja, kwa kuwa ikifa yoyote kati yake, kila kitu kimekwenda.

Kwa hiyo unapopiga hesabu ya hifadhi, izidishe mara tatu. Kazi ya kamera mbili zilizorekodi saa tatu kila moja kwa megabiti 100 ni gigabaiti 270, na nakala zake tatu ni 810. Ukifanya kazi nne za namna hiyo kwa mwezi, umeshavuka terabaiti tatu. Gharama hiyo iingizwe kwenye bajeti ya mwanzo kabisa, na ikibidi kompyuta ipungue ukubwa ili diski zienee, basi ipungue. Na kadi ya kamera isifutwe mpaka nakala mbili ziwepo na zimefunguliwa kwa macho. Kuona jina la faili kwenye orodha hakutoshi.

Macho ya studio

Dhana iliyoenea ni kwamba anayehariri 4K lazima awe na skrini ya 4K. Skrini hiyo husaidia, lakini kinachohitajika kwanza ni skrini isemayo kweli kuhusu rangi, na Full HD inayosema kweli ni bora kuliko 4K inayopamba. Kipimo cha rangi za video ya kawaida ni Rec. 709, kiwango cha Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ambacho kiliidhinishwa mwaka 1990 na bado kinatumika. Tafuta skrini ya paneli ya IPS inayoelezwa kwamba inafikia Rec. 709 au sRGB kwa ukamilifu, kwa kuwa viwango hivyo viwili hutumia rangi za msingi zilezile. Baada ya hapo, kifaa kidogo cha kupima rangi, kinachowekwa juu ya kioo na kusoma kinachotoka, kitafanya kazi kubwa zaidi kuliko kuongeza bei ya skrini. Rangi za skrini huhama kadiri inavyozeeka, kwa hiyo kipimo hurudiwa.

Lakini skrini nzuri ndani ya chumba kibaya ni fedha iliyopotea. Jicho la mwanadamu huzoea mwanga uliopo, tena bila kukuarifu. Kaa nusu saa chini ya taa ya njano, na jicho litaanza kuhesabu njano hiyo kuwa nyeupe. Sasa skrini iliyopimwa kwa usahihi itaonekana kuwa ya bluu, na mkono wako utaanza kuongeza njano kwenye nyuso za watu ili zionekane za kawaida. Asubuhi, kwenye mwanga wa mchana, nyuso hizo zitakuwa kama za wagonjwa wa manjano. Ukuta mwekundu au wa kijani nyuma ya skrini hufanya madhara ya namna hiyohiyo. Ukuta wa kijivu, taa nyeupe hafifu ya kelvini 6500 nyuma ya skrini, na pazia zito dirishani ni vifaa vya studio sawa na kompyuta, na ninavitaja hapa kwa sababu mara nyingi havimo kwenye orodha yoyote ya manunuzi.

Kuhusu HDR, yaani video yenye tofauti kubwa zaidi kati ya giza na mwanga, nitasema kwa ufupi. Skrini nyingi huandikwa neno hilo ilhali mwangaza wake haupiti niti 400 (niti ni kipimo cha mwangaza wa skrini), wakati kazi za HDR kwa kawaida hutengenezwa kwenye skrini zinazofikia niti 1000. Mwenye studio ndogo asilipie lebo hiyo mpaka mteja wake aombe kazi ya HDR kwa maandishi.

Masikio na umeme

Kwa upande wa sauti, spika mbili za studio za ukubwa wa kati, zikiwekwa ili wewe na spika hizo mfanye pembe tatu yenye pande sawa, pamoja na vipokea sauti vya masikioni vilivyo imara, vinatosha. Spika za kawaida za muziki huongeza besi ili zipendeze, na mhariri anayezitumia hupunguza besi ambayo haikuwa nyingi. Kuna kosa moja ambalo limekula fedha za wengi: sponji za ukutani hazizuii kelele za nje kuingia. Kazi yake ni kupunguza mwangwi wa sauti za juu ndani ya chumba. Kelele ya nje huzuiwa na uzito na kuziba, yaani ukuta mzito, mlango mzito, na nyufa zilizozibwa. Ikiwa shida yako ni mwangwi, rafu za vitabu, zulia na mapazia mazito yatakusaidia sana kabla ya sponji.

UPS, kifaa chenye betri kinachoshika umeme unapokatika, hakikusudiwi kukuwezesha kuendelea na kazi. Kazi yake ni kukupa dakika za kuhifadhi na kuzima kwa utaratibu, kwa sababu diski inayokatikiwa umeme ikiwa katikati ya kuandika inaweza kuharibu faili au mpangilio wake mzima. Angalia wati, si VA (volti-ampea) peke yake: kifaa kilichoandikwa VA 1000 kinaweza kuwa na uwezo wa wati 600 tu. Mwenye kompyuta mpakato hana budi kukumbuka kwamba betri yake hailindi diski kubwa ya nje inayotegemea umeme wa ukutani.

Ya mezani au ya kubeba?

Joto ndilo linalotofautisha. Kutoa kazi ya saa moja huifanyisha prosesa kazi kwa nguvu zote kwa muda mrefu, na mwili mwembamba hauna pa kulipeleka joto hilo, hivyo kompyuta hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Sifa mbili zilizoandikwa sawa kwenye karatasi hazina maana ya mwendo sawa baada ya dakika ishirini. Anayefanya kazi mahali pamoja atapata nguvu zaidi kwa fedha zilezile kwenye kompyuta ya mezani, na ataweza kubadilisha sehemu moja bila kutupa nyingine. Anayehariri safarini hana la kuchagua, na chipu za Apple za mfululizo wa M zinamfaa vizuri kwa kuwa hutumia umeme kidogo, ila ajue kwamba RAM yake haiongezwi baada ya kununua, kwa hiyo aamue siku ileile.

Siku ya kwenda kununua, beba SSD ndogo yenye faili zako mwenyewe kutoka kwenye kamera yako mwenyewe, pamoja na mradi mmoja uliokwisha kukusumbua, na kebo ambayo una hakika nayo. Omba uzifungue faili hizo kwenye kompyuta unayotaka kununua, kwa programu utakayotumia. Cheza kamera zote kwa pamoja, rudi nyuma picha moja moja, ruka huku na huku, kisha anza kutoa kazi ya dakika ishirini huku umefungua lile dirisha la matumizi. Tazama ni sehemu ipi inayojaa kwanza. Tazama kama kasi ya dakika ya kumi na tano ni ileile ya dakika ya kwanza. Sikiliza feni, kwa maana utaishi nayo chumba kimoja na spika zako. Muuzaji akikataa usiifanyie kompyuta jaribio hilo kabla ya kulipa, mshukuru kwa muda wake, uende kwa mwingine.